Damu Moja, Nambari Mbili

Mwaka 1962 Jarida la Shirika la Afya Duniani lilichapisha, kwa Kifaransa, uchunguzi wa Lapiccirella na wenzake kuhusu wafugaji wa kuhamahama wa Somalia walioishi kwa maziwa matupu. Madaktari hao waliwapima wafugaji mapigo ya moyo, wakawatoa damu, wakakuta jambo lililokwenda kinyume na mafundisho ya wakati ule. Watu waliokunywa maziwa ya ngamia kwa lita, siku nenda siku rudi, walikuwa na kolesteroli ya chini na dalili haba za maradhi ya mishipa ya moyo.

Mkaazi wa Habaswein angeyapokea matokeo hayo kama habari za nyumbani. Mji huu wa Wajir Kusini uko kwenye barabara itokayo Garissa kwenda Wajir, katika nyanda za vumbi ambako mkondo wa Lagh Dera hupata maji pale tu mvua inapokuwa nyingi hadi Ewaso Ng'iro ikavuka kinamasi cha Lorian. Ngamia ndiye mali. Maziwa yake hunywewa mabichi, huchachishwa, hutiwa kwenye chai, na samli huhifadhi nyirinyiri, ile nyama iliyokaangwa hadi ikakauka, isiharibike kwa muda mrefu.

Miaka ileile watafiti wengine walikuwa wakizunguka ukanda huu. A. G. Shaper, aliyekuwa akifundisha Makerere, alichapisha pamoja na wenzake mwaka 1963 vipimo vya mafuta ya damu vya Wasamburu, Warendile na Waturkana. George Mann, kutoka Chuo Kikuu cha Vanderbilt nchini Marekani, aliwapima wanaume 400 wa Kimasai huko Tanganyika na kutoa ripoti mwaka 1964: wastani wa kolesteroli yao ulikuwa chini ya miligramu 150 kwa desilita, yaani chini ya milimoli 3.9 kwa lita kwa kipimo kinachotumika Kenya leo. Wakati huohuo wastani wa Mmarekani mtu mzima ulikuwa miligramu 222. Mjadala mkubwa wa dunia kuhusu mafuta ya wanyama na moyo ulikuwa umeegemea, kwa sehemu, damu ya wafugaji wa Afrika Mashariki.

Na damu hiyo ilisomwa kwa rangi.

Kolesteroli yenyewe haina rangi. Ni kitu cheupe kama nta, ambacho wanakemia walikifahamu kwanza kutokana na mawe ya nyongo, na Mfaransa Michel Chevreul ndiye aliyekipa jina mwanzoni mwa karne ya 19. Ili kukipima lazima kwanza kifanyiwe kitu kitakachokifanya kionekane. Mwaka 1885 Carl Liebermann, na miaka michache baadaye Burchard, waligundua kwamba ukichanganya kolesteroli na anhidridi ya asetiki kisha ukatia asidi kali ya salfuriki, mchanganyiko hugeuka kijani. Kadiri kolesteroli inavyokuwa nyingi ndivyo kijani kinavyokolea. Kwa zaidi ya nusu karne, karibu kila nambari ya kolesteroli duniani ilitokana na ukolevu wa kijani hicho au wa rangi nyingine iliyozaliwa na asidi.

Kijani hicho ni kigeugeu. Hukolea, kikafika kilele, kisha kikafifia dakika chache baadaye, kwa hiyo mpimaji anayechelewa kidogo hupata jibu tofauti. Joto la chumba hukibadilisha. Tone la maji kwenye chupa isiyokaushwa vizuri hukiharibu. Seramu ya mgonjwa wa ini aliyegeuka manjano ina bilirubini, ambayo nayo huongeza rangi na kulipandisha jibu. Tatizo kubwa kuliko yote limo ndani ya damu yenyewe: takriban theluthi mbili ya kolesteroli inayozunguka mwilini imefungwa na asidi za mafuta, na hii iliyofungwa hutoa rangi kali kuliko ile iliyo huru. Maabara iliyotia asidi moja kwa moja kwenye seramu, bila kuitenganisha kwanza, ilipata nambari iliyovimba.

Mwaka 1953 Zlatkis, Zak na Boyle walileta njia nyingine, ya feri kloridi na asidi, iliyotoa rangi ya zambarau iliyokolea zaidi ya kile kijani. Maabara nyingi ziliipenda kwa sababu ilikuwa rahisi na ilihitaji damu kidogo. Lakini nayo ilivutwa na vitu vingine vilivyomo kwenye seramu, na mara nyingi ilisoma juu.

Njia iliyoaminika zaidi katika zama hizo ilikuwa ya Abell, Levy, Brodie na Kendall, iliyochapishwa mwaka 1952. Ni kazi ya subira. Seramu huchanganywa na potasi hidroksidi iliyoyeyushwa katika alkoholi, ikapashwa moto mpaka kolesteroli yote iliyofungwa ikafunguka. Kisha hutolewa kwa kiyeyusho kisichochanganyika na maji, kiyeyusho hicho hukaushwa, na hapo tu ndipo mabaki hukutanishwa na asidi ya Liebermann. Kwa kuwa kila kilichobaki ni kolesteroli huru, rangi haidanganyi sana. Vituo vya Kudhibiti Magonjwa vya Marekani viliirekebisha kidogo na kuifanya njia rejea, na mpaka leo mashine za kisasa zinaweza kufuatiliwa nyuma, hatua kwa hatua, hadi kwenye chupa hizo.

Je, basi, nambari za wafugaji ziaminiwe? Ndiyo, na sababu inatoka kwenye kemia. Makosa ya kawaida ya zama za asidi yalisukuma nambari juu. Hakuna njia kati ya hizo ambayo kwa tabia yake ingeshusha miligramu 222 zikawa chini ya 150. Kama mpimaji wa Mann au wa Shaper alikosea kwa njia iliyozoeleka, basi ukweli ulikuwa chini zaidi ya alichoandika. Isitoshe, kolesteroli ni molekuli sugu, inayostahimili safari ya masanduku ya barafu kutoka malishoni hadi maabara kuliko vitu vingine vingi vya damuni. Mwaka 1971 kundi la Biss, Ho na Taylor lilitoa maelezo ya ziada baada ya kuwalisha Wamasai chakula chenye kolesteroli nyingi: mwili ulipoipata kwa wingi kutoka mlo, ulipunguza kiasi unachotengeneza wenyewe.

Jambo moja haliruhusiwi na kemia hiyo. Mtu hawezi kuichukua nambari ya mfugaji ya 1962, akaiweka kando ya nambari aliyopata wiki iliyopita kutoka kwenye kijiti cha kupimia damu ya kidoleni, kisha akasema kolesteroli ya watu wa kaskazini imepanda kwa kiasi fulani kamili. Huenda imepanda kweli. Mji, sukari, mafuta ya kukaangia yanayouzwa kwa mitungi na maisha ya dukani badala ya malishoni vinatosha kuleta hofu hiyo. Lakini sehemu ya tofauti ni ya vipimo, na sehemu hiyo lazima itolewe kwanza.

Ukubwa wa sehemu hiyo ulionekana wazi mwaka 1985. Chuo cha Wanapatholojia wa Marekani kilituma sampuli ileile kwa maelfu ya maabara. Thamani yake ya kweli ilijulikana: miligramu 262.6 kwa desilita. Majibu yaliyorudi yalianzia 101 hadi 524. Hiyo ilikuwa nchi tajiri, yenye umeme usiokatika na mashine mpya, na damu moja ilimfanya mtu awe mzima katika mji mmoja na mgonjwa katika mji mwingine. Aibu hiyo ndiyo iliyozaa viwango vinavyotumika hadi sasa: kipimo cha kolesteroli kisiegemee upande mmoja kwa zaidi ya asilimia 3, kisitawanyike kwa zaidi ya asilimia 3, na kosa lake lote lisizidi asilimia 8.9.

Asilimia 8.9 inasikika ndogo. Mtu ambaye kolesteroli yake halisi ni milimoli 5.2 anaweza, ndani ya kiwango hicho kinachoruhusiwa, kupewa karatasi yenye 4.74 au 5.66. Ukiweka mpaka wa tahadhari kwenye 5.0, kama zinavyofanya tafiti nyingi, mtu huyohuyo yuko pande zote mbili za mpaka bila mpimaji yeyote kufanya uzembe.

Kilichoiondoa asidi katika maabara nyingi ni bakteria. Mwaka 1973 William Richmond alieleza kimeng'enya kutoka kwa bakteria wa jamii ya Nocardia, kinachoshambulia kolesteroli na kuiacha ikiwa na alama inayopimika. Mwaka uliofuata Allain na wenzake, Richmond akiwa mmoja wao, waliunganisha hatua zote katika kitendanishi kimoja. Kimeng'enya cha kwanza hufungua kolesteroli iliyofungwa. Cha pili huioksidisha, na katika kufanya hivyo hutoa haidrojeni peroksidi. Cha tatu huitumia peroksidi hiyo kutengeneza rangi ya waridi, ambayo spektrofotomita husoma. Hakuna kuchemsha wala asidi ya kuunguza mikono, na inatosha tone la seramu ambalo halijai hata ncha ya sindano. Hii ndiyo njia inayotumiwa na mashine za biokemia za hospitali kubwa za Kenya.

Vimeng'enya huchagua kwa makini zaidi kuliko asidi, ingawa navyo vina udhaifu wao. Hatua ya tatu, ya rangi, hunyang'anywa peroksidi na vitamini C nyingi au baadhi ya dawa, zikiwemo dipironi na asetilisisteini, na jibu likashuka isivyostahili. Zaidi ya hayo, kimeng'enya ni protini na kitendanishi chake huhitaji baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Hapo ndipo jiografia inapoingia maabara. Joto la mchana katika Wajir huvuka nyuzi 35 kwa wepesi, na Habaswein kwa miaka mingi imepata umeme kutoka kituo chake chenyewe, kinachochanganya dizeli, jua na upepo. Friji iliyozimika usiku mmoja haiachi harufu wala dalili kwenye chupa. Inaacha nambari isiyo sahihi, na nambari hiyo huandikwa vizuri na kupigwa muhuri.

Ndiyo maana mashine ndogo ya mkononi imependwa hivyo. Mtu huchomwa kidole, tone huwekwa kwenye kijiti chenye vimeng'enya vilevile vilivyokaushwa, utando hubakiza chembe nyekundu na kupitisha maji ya damu, na baada ya dakika chache mwanga unaorudi kutoka kwenye kijiti hugeuzwa kuwa nambari. Mashine za aina hii ndizo zinazotumiwa katika tafiti za kaya zinazofuata utaratibu wa Shirika la Afya Duniani wa kupima vihatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza, kama ule ambao Kenya iliufanya mwaka 2015 kwa watu wazima takriban 4,500. Bila vifaa hivyo, kaya za mbali na lami zisingehesabika kabisa, na hilo lingekuwa kosa kubwa kuliko kosa la asilimia chache.

Kijiti hata hivyo kina masharti ambayo mazingira ya kaskazini huyavunja kila siku. Vijiti vingi havitakiwi kuvuka nyuzi 30, na dukani au garini joto huvuka hapo kwa wepesi. Kikopo kikiachwa wazi, unyevu na vumbi huingia. Kidole kikikamuliwa kwa nguvu, majimaji ya mwilini hulichanganya tone na kulifanya jepesi. Kijiti pia kimetengenezwa kwa kudhani kwamba wingi wa chembe nyekundu uko katika kiwango cha kawaida. Mwanamke mwenye upungufu wa damu yuko nje ya dhana hiyo upande mmoja, na mtu aliyekaukiwa maji baada ya safari ndefu ya jua yuko nje yake upande mwingine.

Kabla hata ya kemia kuanza, mkao wa mgonjwa umeshafanya kazi yake. Mtu akilala kwa dakika 20, kolesteroli yake inaweza kushuka kwa takriban asilimia 10, kwa sababu maji hurudi kwenye mishipa na kuyazimua mafuta. Kamba ya mkononi ikifungwa kwa muda mrefu wakati mshipa unatafutwa, nambari hupanda. Damu ikiwekwa kwenye chupa yenye EDTA, kemikali ya kuizuia isigande, husoma chini kuliko seramu kwa takriban asilimia 3. Homa, malaria au upasuaji wa karibuni huishusha kwa wiki kadhaa, na aliyetoka kwenye njaa ya ukame hawezi kupongezwa kwa kolesteroli ndogo. Hata mtu mzima asiyebadilisha chochote hutofautiana na nafsi yake kwa takriban asilimia 6 kati ya siku na siku.

Suala la kufunga linastahili neno la pekee hapa, kwa kuwa wagonjwa wengi hutembea au kupanda gari kutoka mbali bila kula kwa sababu waliambiwa wasile. Mwaka 2016 jopo la wataalamu wa Ulaya lilikubali kwamba kwa upimaji wa kawaida si lazima mtu afunge, kwani kolesteroli ya jumla na ile ya HDL, iitwayo kolesteroli nzuri, hubadilika kidogo mno baada ya mlo. Kinachopanda ni trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya damu. Kumlazimisha mzee mwenye kisukari, anayetumia dawa za kushusha sukari, akae na njaa mpaka saa sita mchana kwenye foleni ni hatari isiyo na faida ya kutosha.

Trigliseridi ndizo zinazotupeleka kwenye nambari inayowasumbua zaidi madaktari: LDL, ile kolesteroli inayojipachika kwenye kuta za mishipa. Katika maabara nyingi LDL haipimwi. Hukokotolewa. Mwaka 1972 Friedewald, Levy na Fredrickson, wakiwa katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, walitumia vipimo vya watu 448 kuonyesha kwamba unaweza kukwepa mashine ghali ya mzunguko mkali kwa hesabu moja. Chukua kolesteroli ya jumla, toa HDL, kisha toa trigliseridi ulizogawanya kwa 2.2. Mtu mwenye jumla ya 5.6, HDL ya 1.1 na trigliseridi za 2.2 anapata LDL ya 3.5.

Hesabu hiyo imehudumia dunia kwa nusu karne, lakini hubeba makosa ya vipimo vitatu kwa mkupuo, na wenyewe walioiunda walionya isitumike trigliseridi zikivuka 4.5. Kwa mgonjwa wa kisukari asiyetibiwa vizuri, mpaka huo huvukwa mara kwa mara. Mwaka 2013 Seth Martin na wenzake wa Johns Hopkins walibadilisha kigawanyo kimoja kwa jedwali la vigawanyo 180, lililotokana na vipimo vya zaidi ya watu milioni 1.3, na mwaka 2020 Sampson na wenzake wakatoa mlinganyo unaovumilia trigliseridi hadi 9. Yote mawili yanaweza kuwekwa kwenye kompyuta ya maabara yoyote bila kununua kitendanishi hata kimoja. Ni vigumu kuona kwa nini maabara inayokokotoa LDL leo iendelee na kigawanyo cha 1972.

Sasa mfikirie mama wa makamo wa Habaswein aliyepimwa kwa kijiti katika kambi ya afya na kupewa 5.9, kisha akapelekwa Garissa, zaidi ya kilomita 200, akapewa 5.2. Jambo la kwanza atakalodhani ni kwamba mmoja amemdanganya. La pili, kama alianza kupunguza samli katikati, ni kwamba amepona. Huenda hakuna lililo kweli kati ya hayo. Tofauti ya 0.7 inaweza kuliwa yote na njia mbili za upimaji, siku mbili na mikao miwili. Karatasi yake haisemi njia gani ilitumika, na hilo ndilo pungufu kubwa la karatasi za majibu: zinatoa nambari bila asili yake. Kuandika jina la mashine, njia, na kama damu ilikuwa ya kidoleni au ya mshipani kungechukua mstari mmoja.

Jinsi ya kulinganisha njia mbili inajulikana, na haihitaji chuo kikuu. Huanza kwa kukataa mtego wa zamani. Wauzaji wa mashine hupenda kuonyesha kwamba matokeo yao yanawiana na ya maabara kubwa kwa mgawo wa 0.98. Mwaka 1986 Martin Bland na Douglas Altman walieleza katika jarida la Lancet kwa nini takwimu hiyo hupotosha: mashine inayosoma juu kwa asilimia 20 kwa kila mtu, bila kukosa, itakuwa na uwiano mzuri ajabu na ukweli, na bado kila jibu lake litakuwa baya. Wao walishauri kuchora tofauti yenyewe, mtu kwa mtu, dhidi ya wastani wa vipimo viwili, na kutazama imeegemea wapi na imetawanyika kiasi gani.

Kwa mazoea ya maabara, sampuli 40 zinatosha kuanzia. Asubuhi moja au mbili katika hospitali ya Habaswein, kila mgonjwa anayekubali akae dakika tano, achomwe kidole kwa kijiti, na papo hapo atolewe damu ya mshipani. Damu hiyo izungushwe mapema, seramu itenganishwe, iwekwe kwenye sanduku la barafu na kupelekwa Garissa kwenye mashine ya vimeng'enya iliyo chini ya udhibiti wa ubora. Seramu iliyotengwa na kuwekwa kwenye baridi ya friji huhifadhi kolesteroli yake kwa siku kadhaa, kwa hiyo umbali si kisingizio. Muhimu ni kuchagua watu wa viwango vyote. Ukipima wafanyabiashara wa mjini pekee utaijua mashine yako kwenye nambari za juu tu, na ukipima walioshuka sokoni na ngamia pekee utaijua kwenye za chini tu.

Majibu yakija, uamuzi unategemea umbo la tofauti. Kama kijiti kinasoma juu kwa asilimia 6 karibu kwa kila mtu, kitumike, na maabara iandike marekebisho hayo kwenye karatasi ya kila mgonjwa mpaka kundi jipya la vijiti lipimwe upya. Kama tofauti zimetapakaa, huyu juu kwa 0.8 na yule chini kwa 0.9, hakuna marekebisho yatakayosaidia. Hapo fedha za vijiti zihamishiwe kwenye barafu na nauli ya seramu kwenda Garissa.